Taarifa ya mwaka ya mwenyekiti, chama chetu cha kusaidiana hapa Soga, Kibaha

Ndugu wanachama, salaam. Shughuli za kawaida mnazijua: misiba mitatu, harusi mbili, wagonjwa tumewatembelea, njia ya makaburini tumefyeka (niliongoza mwenyewe, panga langu mpaka leo lina pengo).

Hela sasa. Tuko 64, ada 2,000 kwa mwezi, kwa mwaka ilitakiwa iingie 1,536,000, imeingia 582,000. Mkutano mkuu tulikuwa 11 chini ya mwembe na wanne walisepa chai ilipoisha. Walioko Dar kila siku wimbo ni nauli. Nauli gani jamani, treni ya umeme toka Juni 2024 inasimama hapahapa Soga na ya kawaida ni 4,000 tu, enzi zile ulikuwa unapigwa vumbi la bodaboda mpaka Mlandizi ndo upate gari, na watu walikuwa wanakuja!

Nije kwenye nusu eka, maana kwenye grupu nimeitwa majina yote. Eti mwenyekiti kauza shamba la chama bei ya kutupa. Kwanza sikuuza mimi, kamati tulikaa, waliosusa kikao walisusa wenyewe. Pili ile mikorosho ilikuwa sita, minne imezeeka na miwili kila mwaka inaliwa na ubwiriunga (ule ugonjwa wa ukungu mweupe), mnaoililia nani kati yenu aliwahi kuipalilia? Reli ilipokuwa inajengwa Waturuki walikuwa na kambi hapa na kiwanda cha mataruma (yale ya zege ya kulazia reli), vijana wetu walikuwa na mshahara na ada ilikuwa inakuja bila kugombana. Kazi imeisha, tumerudi kwenye mihogo, mkaa na udalali, kila mti wa barabarani una kibao cha viwanja. Mteja katoka mjini na viatu vyake vya kung'aa, tumepima kwa kamba mimi nimeshika ncha moja, upupu umenila mpaka jioni, na posho sijachukua hata mia. Katoa milioni 5 na laki 2. Tumenunua viti 100, turubai na masufuria milioni 3 na laki 1, deni la sanda na magari laki 7, milioni 1 na laki 4 ipo benki, karatasi ninazo, aje mwenye macho. Kwamba sasa hivi bei imepanda hilo hata mimi linaniuma, ila mimi sio mganga.

Mwakani Mungu akipenda tutaangalia mambo ya kisima, na labda mradi wa kuku, tutaona.

Viti vinne havijarudi toka ile harusi ya mwezi wa nane. Aliyenavyo namjua, avilete kabla sijamtaja.

Mwenyekiti