Gari la kwanza: chunguza kampuni inavyomtendea mteja akishalipa

Mhariri,

Anayenunua gari la kwanza huuliza linakula mafuta kiasi gani na limetembea kilomita ngapi. Ni nadra kuuliza kampuni iliyolitengeneza hufanya nini kasoro ikigundulika, ilhali heshima kwa mteja huonekana hapo kuliko popote.

Hakuna kampuni isiyokosea. Zinatofautiana katika muda zinaokaa kimya. Mwaka 2014 General Motors iliita mamilioni ya magari yarudi gereji kwa sababu swichi ya kuwashia iliweza kuteleza gari likiwa mwendoni: injini inazima, usukani unakuwa mzito, mifuko ya hewa haifunguki. Wahandisi wake walikuwa wameifahamu kasoro hiyo kwa takriban miaka 10. Nayo mifuko ya hewa ya Takata, kampuni ya Kijapani ya vipuri, iliyofungwa kwenye magari ya kampuni nyingi, ilikuwa na kemikali inayoharibika kwa joto na unyevu wa miaka mingi. Ikilipuka vibaya, hurusha vipande vya chuma kwa dereva.

Kwa hiyo kabla ya kulipa, nakili namba ya chesisi. Iko chini ya kioo cha mbele au kwenye nguzo ya mlango wa dereva, nayo huwa na herufi na tarakimu 17. Herufi I, O na Q hazitumiki, hivyo kinachofanana na O ni sifuri. Iingize kwenye tovuti ya kampuni, sehemu ya magari yaliyoitwa kwa marekebisho. Gari lililotengenezwa kwa soko la ndani la Japani lina namba fupi zaidi. Hilo litafute kwenye tovuti ya Kijapani ya kampuni hiyo. Marekebisho haya kwa kawaida ni bure, hata kama wewe ni mmiliki wa tatu.

Kisha nenda dirisha la vipuri kabla ya meza ya mauzo. Uliza bei, na siku za kusubiri, za pedi za breki za mbele, kioo cha pembeni, taa ya mbele na, kama injini inautumia, mkanda wa taimingi, unaofanya sehemu za ndani ya injini ziende kwa mpangilio. Taa nyingi za LED hazibadilishwi balbu. Ikifa, unanunua taa nzima. Mkanda ukikatika, katika injini nyingi valvu hugonga pistoni, na hapo unatafuta silinda hedi, yaani sehemu ya juu ya injini inayobeba valvu.

Jihadhari pia na kampuni inayodai oili ya giaboksi ni ya maisha. Oili huchoka kwa joto. Inayokuandikia kilomita za kuibadilisha inajali gari likishazeeka mikononi mwako.

Waranti, yaani dhamana ya kampuni, huisha kwa kinachotangulia, miaka au kilomita. Pedi, klachi na wipa kwa kawaida hazimo. Dai jibu la maandishi: je, sevisi ya gereji nyingine itaifuta waranti?

Naliomba gazeti lako lichapishe matangazo ya magari yanayoitwa kwa marekebisho, pamoja na modeli na miaka ya kutengenezwa, katika ukurasa uleule wa matangazo ya mauzo.

Msomaji wako