Kima wa Karura wana chakula chao

Mhariri,

Naomba nafasi niwasemeshe wenzangu tunaokwenda kupunga upepo Msitu wa Karura wikendi.

Jumapili iliyopita tulitandika leso zetu si mbali na maporomoko. Majirani zetu wakafungua hotpoti ya chapati. Kima mmoja akashuka mtini (wengi humwita nyani, lakini ni kima), na baba wa familia akamrushia kipande ili watoto waone. Wakaona kweli. Baada ya muda mfupi walikuwa sita, na mmoja akampokonya binti mdogo chapati mkononi, akamkwaruza kiganja. Baba akaokota jiwe.

Jiwe la nini, na yeye ndiye aliyemwalika?

Kima ana vifuko ndani ya mashavu. Husweka chakula humo, akapanda juu kukila kwa raha zake, kwa hivyo sekunde moja inamtosha. Yule wa Jumapili alikaa tawini mashavu yamefura, akitutazama. Njaa hana: msituni kuna matunda ya mikuyu, majani machanga na wadudu. Anachokosa sasa ni woga, na huo tumemwondolea sisi.

Mbega ndio nawahurumia zaidi, wale weusi wenye joho jeupe, waliohamishiwa Karura kutoka Kipipiri. Chakula chao hasa ni majani, ambayo tumbo huyachachusha polepole kwa msaada wa bakteria. Biskuti huvuruga kazi hiyo yote.

Wenye umri wangu tunaikumbuka Karura ya kuogopwa. Januari 1999 Wangari Maathai, mtetezi wa mazingira, alijeruhiwa kichwani huko kwa sababu ya kwenda kupanda miti kupinga unyakuzi wa msitu. Leo tunaingia na baiskeli na watoto, lakini msitu una zaidi ya hekta 1,000 na askari hawezi kusimama nyuma ya kila mti. Chakula kikae ndani ya mkoba uliofungwa hadi mko tayari kula, na maganda mrudi nayo nyumbani. Mabango ya Kiswahili kwenye sehemu za mandari nayo yangesaidia.

Na mtoto akikwaruzwa au kuumwa, kidonda kioshwe kwa maji mengi na sabuni papo hapo, kisha apelekwe hospitali. Kichaa cha mbwa si cha mbwa peke yao. Yule binti alipanguswa kwa kitambaa tu, na tulipoondoka hotpoti ilikuwa ingali wazi.

Msomaji wako,
Githurai, Nairobi