Kingo za zege zinawafukuza ndege wa majini

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie namna miji inavyoharibu ardhi oevu zake kwa nia njema. Siku hizi ni nadra kumsikia kiongozi akitangaza kwamba kinamasi kitafukiwa. Kinachotangazwa ni kukipendezesha, na mara nyingi maana yake ni kufyeka matete, kuchimba bwawa lenye kina kimoja, kujenga kingo za zege na kupanda nyasi fupi hadi penye maji.

Mpango wa namna hiyo hauwaachii ndege pa kuishi. Kitwitwi hutafuta riziki yake akitembea, hivyo hana pa kula maji yanapozidi urefu wa miguu yake, na minyoo na mabuu anayoyategemea yamo ndani ya tope laini, ambalo ndilo linaloondolewa kwanza kwa kuitwa uchafu. Kukuziwa naye huficha kiota chake katikati ya mimea mirefu iliyosimama majini. Ikifyekwa, makinda hubaki wazi mbele ya paka na kunguru. Hata kule kupanda na kushuka kwa maji, ambako wasanifu wa bustani hukuona kasoro, ndiko kunakofichua tope na kuwalisha ndege wahamaji, wakiwemo wanaozaliana mbali kaskazini, huko Aktiki.

Inawezekana kufanya kinyume chake, na imeshafanyika. Jijini London, mabwawa manne ya zege yaliyokuwa yakihifadhi maji ya matumizi yalibomolewa kingo, yakageuzwa madimbwi ya kina kifupi yenye matete na tope, na eneo hilo likafunguliwa kwa wananchi mwaka 2000. Kwa maoni yangu, huo ni ushahidi unaotosha kwamba mji mkubwa unaweza kuwa na watu na ndege mahali pamoja. Tena Mkataba wa Ramsar wa mwaka 1971, ule wa kimataifa wa kuhifadhi ardhi oevu, ambao nchi nyingi zimeuridhia, unawataja ndege wa majini katika jina lake kamili.

Naziomba mamlaka za miji, kabla tingatinga halijaingia kwenye kinamasi chochote, zihakikishe ndege wamehesabiwa majira ya mvua na ya ukame, na kwamba walau upande mmoja wa maji unaachiwa mteremko wa tope na matete yake, bila njia ya kupita watu.

Msomaji wako