Kolone yako haijagoma

Lubumbashi, 12 Oktoba

Mulongo wangu,

Jambo sana. Huku joto limetubana, hata bukari, ugali wetu, tunakula nje chini ya mwembe. Barua yako nimeisoma. Umeweka kolone, ule mrija wa jeli wa kutenganishia protini, ndani ya frigo ya vioo, na sasa unasema imegoma. Haijagoma, imeona baridi tu. Maji ya digrii 4 ni mazito kama mara moja na nusu kuliko ya digrii 20, yanapenya kwenye jeli kwa shida na presha inapanda. Shusha pampu hadi nusu ya kasi uliyozoea mezani, nje ya frigo, utafute kitu cha kusoma. Kama kolone bado ina ile alkoholi ya asilimia 20 ya kuhifadhia, nenda polepole zaidi.

Mimi lililoniuma ni lingine. Mwaka jana nilitoa kolone na bafa, yale maji ya kutunza pH (kipimo cha uasidi), frigoni, nikazifunga mezani papo hapo, nikawasha pampu. Baadaye kidogo nikaona mstari mweupe unatambaa katikati ya jeli, mwembamba kama unywele. Hewa! Maji baridi hubeba hewa nyingi, yakipata joto yanaitema, na ikishatemwa ndani ya kolone haitoki kirahisi. Nikamwaga jeli yote kwenye bilauri, nikaipakia upya. Siku mbili zikaenda hivyo. Basi bafa itoe hewa kwanza, kisha ilale frigoni pamoja na kolone, na zifanye kazi humohumo.

Na Tris, ile dawa ya kutengenezea bafa, mulongo! Ukiirekebisha iwe pH 8.0 kwenye digrii 25, ikifika digrii 4 inakaribia 8.6. Kwa kolone inayoshika protini kwa chaji ya umeme, protini uliyotaka ipite inaweza kung'ang'ania. Pima pH bafa ikiwa tayari baridi.

Lakini si lazima kila kitu kifanyike kwenye baridi. Wewe unasaga maini, yamejaa vimeng'enya vya kukatakata protini, na baridi ndiyo huvipunguza kasi, kwa hiyo kolone ya kwanza iendeshe frigoni bila ubishi. Ya mwisho mimi naifanyia mezani, saa moja tu, na sijajuta.

Ukimaliza, usiisogeze kolone karibu na ukuta wa nyuma wa frigo. Ikiganda, jeli inaharibika. Yangu ya kwanza iliishia hapo.

Nisalimie mama. Uniandikie presha imesoma ngapi.

Ni mimi, wa labo ya huku