Nitafutie projekta, Mwanakombo

Chumbageni, Tanga

Mwanakombo shoga yangu,

Assalaam alaykum. Hujambo, watoto hawajambo, mama mkwe anaendeleaje na miguu? Sisi huku wazima, alhamdulillahi, ila mvua za vuli zimeanza na paa la jikoni linavuja palepale lilipovuja mwaka jana. Najua nimekaa kimya tangu nirudi Toronto, Kanada, kwenye lile tamasha la filamu nililokwenda kuripotia redio yetu. Salamu zako Bi Zaina alizifikisha. Leo nakuandikia kwa sababu nina shida, tena inakuhusu wewe na wanafunzi wako, basi isome barua yote kabla hujatoka kwenda sokoni.

Kwanza nimalize lile ambalo kila mtu ananiuliza: Toronto nimemwona nani? Nimewaona, shoga. Nimesimama nyuma ya kamba pembeni ya zulia jekundu mbele ya ukumbi wa Roy Thomson Hall, na wapigapicha waliowahi nafasi tangu mchana. Magari meusi yakaja, watu wakaita majina mpaka sauti zikakauka, wenye majina wakapita wakipunga mkono, wakaingia ndani. Mwambie Shebe nguo zilikuwa nzuri kweli. Basi, hilo limekwisha.

Kazi yenyewe ya mwandishi kule iko kwingine. Unapewa kitambulisho cha kuvaa shingoni, ndicho kinachokuingiza kwenye maonyesho ya waandishi na wanunuzi wa filamu, ambayo tiketi zake haziuzwi kwa watu. Mengi yalikuwa kwenye jengo la sinema la Scotiabank Theatre. Unapanda ngazi ya umeme ndefu sijapata kuona, na huko juu kila ukumbi una filamu yake kwa wakati uleule. Filamu zaidi ya 200 kwa siku 11! Ukichagua moja umeziacha tano. Halafu kuna zuio: filamu umeiona asubuhi, lakini maoni yako huyatoi hewani mpaka ionyeshwe rasmi kwa watazamaji. Na taarifa yetu ya habari ya saa mbili usiku huku, kule ni saa saba mchana, kwa hiyo wenzangu wakienda kula mimi nilikuwa kwenye kona ya korido, kitenge kichwani kuzuia kelele, nasoma ripoti kwenye simu.

Mahojiano na wale wakubwa ni mezani, waandishi kadhaa kwa pamoja, na mtu wa kampuni amesimama na saa yake. Ukipata maswali mawili umebahatika. Unachojibiwa wameshajibiwa wa meza ya kwanza, na wa meza ya pili.

Sasa nije kwenye jambo langu. Alasiri moja nikaingia kwenye filamu ambayo sikusikia mtu akiitaja kwenye foleni. Ya mama mmoja wa Dakar, kuhusu wanawake wanaokausha na kuuza samaki pwani ya Senegal. Ukumbini tulikuwa wachache, na kabla ya nusu wengine wakainuka kuwahi filamu nyingine. Ndiyo desturi ya pale, hakuna anayeona ni utovu wa adabu. Mimi sikuweza kuinuka. Wale akina mama walikuwa wakinunua samaki wadogo ufukweni, wakiwachemsha, wakiwaanika, wakiwasafirisha mpaka bara. Vikaja viwanda vya kusaga samaki kuwa unga wa kulishia mifugo na samaki wa kufugwa huko nchi za mbali. Kiwanda kina pesa ya kulipa mtumbwi mzima papo hapo. Mchuuzi ana beseni. Kuna bibi mmoja mle anakwenda ufukweni kila alfajiri na beseni lake, anarudi nalo tupu, na kila siku anaondoka nyumbani mapema zaidi, akidhani amechelewa. Mwanakombo, nilimwona Bi Mwanaharusi, mchuuzi wetu wa soko la samaki la Deep Sea hapa Tanga. Kitambaa cha kichwani, mkono kiunoni anapobishana na dalali, vilevile.

Nikamngoja mwenye filamu nje. Hakuwa na mtu wa saa. Tukakaa kwenye benchi mpaka wafagiaji wakatupita, na yeye aliniuliza mengi kuliko niliyomuuliza. Huku kwetu dagaa ananunua nani? Wanawake wana boti zao? Mnada unaanza saa ngapi? Nikamweleza habari ya baruti ilivyotutesa pwani hii, miamba ikavunjwa, samaki wadogo wakafa pamoja na wakubwa. Akanyamaza kidogo, kisha akasema filamu yake imepita kwenye miji mikubwa lakini wachuuzi walioitazama ni wale tu waliomo mle. Nikamwambia, nipe niwapelekee wa kwetu. Yakanitoka tu.

Kumbe alilichukua kwa uzito. Nimerudi nikakuta amenitumia kiungo chenye neno la siri, na jina langu linapita juu ya picha mwanzo mpaka mwisho, ili ikivuja ijulikane imevujia kwangu. Ameandika ruhusa: mara moja, bila kiingilio, bila kunakili. Hilo la kunakili nalishika kwa mikono miwili. Kule Toronto, tangazo la kukataza wizi wa filamu likitokea ukumbini watazamaji wanaunguruma wote pamoja, "Arrr!", kama maharamia wa baharini. Ni mzaha wao wa miaka, nami nilicheka nao. Lakini wewe unajua flashi za mitaani zilivyowafanya vijana wa Bongo Movie. Ya huyu mama haitaingia kwenye flashi ya mtu.

Redioni niliitengenezea kipindi kizima. Mhariri akauliza, "Hakuna nyota humu?" Kikakatwa kikawa dakika mbili, baada ya habari za mpira. Niliumia, shoga, na bado naumia. Tuzo inayosemwa zaidi katika tamasha lile watazamaji ndio wanaoitoa kwa kura zao. Hiyo ndiyo waliyopewa Tsotsi ya Afrika Kusini mwaka 2005, na 12 Years a Slave mwaka 2013, ile ya Lupita Nyong'o. Mtu ametoka kazini kwake, amekata tiketi, ametazama, amepiga kura, na dunia nzima inasikiliza. Sasa kwa nini Bi Mwanaharusi asiulizwe maoni yake kuhusu filamu ya kazi yake mwenyewe? Na filamu ya Vuta N'Kuvute ya Amil Shivji ilionyeshwa Toronto mwaka 2021, ya kwetu, Kiswahili chetu cha pwani, ikasikilizwa na watu wasiojua hata neno lake moja. Basi na sisi tuwasikilize Wasenegali.

Ndiyo nikaamua kuonyesha. Nimezungumza na viongozi wa mwaloni pale Deep Sea, wameridhia tutumie banda la mnada, lina paa kwa hiyo mvua haitusumbui. Nataka usiku wa mwezi mpevu, maana mbalamwezi ikiwa kali boti za dagaa haziendi, karabai hazifui dafu, na wachuuzi hawana haja ya kuamka usiku wa manane. Ila mwanga wa mwezi utaingia ubavuni, kwa hivyo projekta dhaifu haitafaa. Ile ya jirani yangu, ya kwenye shughuli za harusi, nimeijaribu ukutani: nyuso zilikuwa kama zimepakwa majivu. Ninyi pale TaSUBa, chuo chenu cha sanaa Bagamoyo, mnayo ile kubwa.

Na nahitaji sauti. Watu mle wanasema Kiwolofu, maandishi ya chini ni Kiingereza, na wazee wetu wengi hawawezi kuyakimbiza maandishi hata yangekuwa ya Kiswahili. Mwenye filamu amenitumia orodha ya maneno yote na dakika zake, nayatafsiri usiku watoto wakilala. Nimefika katikati. Nataka wanafunzi wako watatu wayaseme kwenye maikrofoni filamu ikienda. Sitaki ile ya vibanda vya video, mtafsiri anaongeza visa vyake mpaka filamu inakuwa yake. Hiyo ina raha yake na mimi nimeipenda tangu utoto, lakini hii hapana. Wayaseme yaliyosemwa, kwa utulivu, na wajue kunyamaza pale wale akina mama wanaponyamaza. Sauti ya yule bibi wa beseni nataka aitoe yule binti wa Kaole, aliyecheza nyanya kwenye tamasha lenu nikalia mbele ya watu. Bado yupo au amemaliza?

Nauli ya kupitia Msata na Segera nitailipa mimi, kuja na kurudi. Watalala kwa shangazi Ngamiani, wasichana chumba cha ndani, wavulana barazani, na unamjua shangazi, mtu hatoki kwake na njaa.

Baada ya filamu nitawapa maikrofoni wachuuzi waseme. Nitarekodi. Mhariri akikataa kuirusha nitamwomba tena, na tena. Na nakala nampelekea yule mama wa Dakar, nimemwahidi nitamtafsiria kila neno, hata wakimtukana.

Sasa nijibu, usiniandikie "tutaona" kama kawaida yako. Projekta inaruhusiwa kutoka nje ya chuo? Niandike barua rasmi kwa Mtendaji Mkuu au wewe utazungumza kwanza? Spika mnazo, au nitafute huku? Umeme ukikatika jenereta itaweza kuibeba, na inakula kiasi gani? Wanafunzi wana mitihani lini? Salim amemaliza ile filamu yake fupi? Kama amemaliza, aje nayo, tuitangulize. Na wewe mwenyewe, shoga, unakuja au unawatuma watoto wa watu peke yao?

Nipigie ukishauliza chuoni, hata kama jibu ni hapana, nijue mapema nikatafute Dar. Bi Mwanaharusi ameshaanza kuwatangazia wenzake, na jana kaniuliza kama aje na mkeka wake.

Wako,
Zuhura