Barua kwa Wajina: Kuzunguka Ziwa na Kurudi Ulipotoka

Tsuchiura, Ibaraki
Novemba 2024

Wajina wangu,

Assalamu alaikum. Sisi huku wazima, baridi ndiyo kwanza inaingia na majani ya miti yameanza kugeuka mekundu. Ile sauti uliyonitumia niliisikiliza ndani ya basi, nikacheka peke yangu hadi abiria wakageuka kunitazama, na ujue Mjapani si mwepesi wa kumkodolea mtu macho. Umeuliza: hao watu wazima wanaovaa nguo za kubana, wakapanda baiskeli tangu alfajiri mpaka magharibi, kisha wakarudi pale pale walipotoka, wanalipwa na nani? Swali hilo halijibiki kwa sauti ya dakika moja, ndiyo maana nimekaa nikuandikie.

Hawalipwi. Wanaolipwa wapo, ni wale wa keirin, mbio za uwanjani ambazo watu huziwekea dau. Zilianza Kokura mwaka 1948, na hata mkoa wetu una uwanja wake, pale Toride. Lakini si hao uliowaona kwenye picha zangu. Hao ni mzee mstaafu wa benki, mwalimu wa chekechea, muuza tofu (maziwa ya soya yaliyogandishwa yakakatwa vipande), na mimi mwenyewe niliyekuja huku kusomea udongo.

Kabla sijafika kwao, nianze na kijiwe chako cha baiskeli. Zile baiskeli za mtumba unazozipokea, zenye kikapu mbele, fremu iliyoinama na stendi ya miguu miwili, huku huitwa mamachari. Ndizo za kwendea sokoni, shuleni na stesheni. Kile kistika chenye namba ambacho wateja wako hukikwangua kwa kisu wakidhani ni tangazo, ni usajili. Sheria ya huku inataka kila baiskeli iandikishwe, ili ikiibwa polisi wajue wamrudishie nani. Kwa hiyo ile uliyomuuzia shemeji yako, yawezekana kuna bibi mahali fulani aliyekuwa akiendea kununua vitunguu, na namba yake ilikuwa kwenye daftari la serikali.

Ukiniuliza mwendesha baiskeli hodari wa Japani ni nani, nitakwambia ni mama wa mamachari. Mtoto mmoja yuko kiti cha mbele, mwingine nyuma, mvua inanyesha, wote kawafunika kwa nailoni, na anapandisha mlima kwa kusaidiwa na mota ya betri ili awahi kengele ya chekechea. Hana medali wala hakuna anayempigia makofi.

Sasa ziwa. Hapa Tsuchiura tuko ukingoni mwa Kasumigaura, ziwa la pili kwa ukubwa Japani baada ya Biwa. Ukilileta mbele ya ziwa letu la Victoria utaona kidimbwi tu, lakini jaribu kulizunguka kwa pedali. Mzunguko kamili ni kama kilomita 125, tambarare tupu, njia ikipita juu ya tuta la maji. Wenye haraka hukatiza kwenye Daraja la Kasumigaura, zikabaki kama 90. Pembeni kuna mashamba ya yungiyungi ambayo mizizi yake huliwa, na mkoa huu ndio unaoongoza nchini kwa zao hilo. Wakati wa kuvuna utamwona mkulima amezama kwenye maji ya matope hadi kiunoni na zaidi, ameshika mpira wa maji anaufukua mzizi kwa kasi ya maji, na juu ya tuta watu wa nguo za kubana wanampita. Yeye hawatazami. Mimi huona haya kidogo, lakini sisimami.

Ugumu wa ziwa hili ni upepo. Hakuna mlima wa kukukinga, wala mti. Siku za baridi unashuka kutoka upande wa Mlima Tsukuba, na nusu ya safari unakuwa na upepo wa tezi, wa kukusukuma mgongoni, ukajiona kijana wa miaka kumi na nane, kisha ukigeuza kona unakuwa wa omo, wa kukupiga usoni, na unaikumbuka dunia. Hapo ndipo tunapokezana kukaa mbele, mwenye pumzi akimkinga aliyechoka. Wewe uliyekulia ngalawani unaijua ile: kwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Basi hilo ndilo jibu la nusu ya swali lako. Wanaozunguka Biwa nao ni hivyo hivyo, karibu kilomita 200, wanakusanya mihuri njiani na mwisho wanapata cheti. Kisiwa cha Awaji ni kama 150. Ukishafunga duara, umemaliza, na unaweza kumwambia mtu.

Njia nyingine tunayoipenda ilikuwa reli. Treni ya Tsukuba iliacha kupita mwaka 1987, na mahali pa mataruma pakawekwa lami, kama kilomita 40 kutoka hapa hadi Iwase. Majukwaa ya stesheni yamebaki. Unafika, unaegesha baiskeli mahali abiria walipokuwa wakisubiri, unafungua chupa ya chai. Miti ya sakura iliyopandwa enzi za treni bado inachanua Aprili, na siku hizo hakuna mbio, kila mtu anapiga picha ya baiskeli yake chini ya mti utadhani ni bibi harusi. Reli hiyo na njia ya ziwa ziliunganishwa zikawa mtandao wa kilomita 180 hivi, na mwaka 2019 serikali ikauweka katika njia tatu za kwanza za kitaifa za baiskeli, pamoja na ile ya Biwa na ile ya Shimanami inayovuka visiwa kwa madaraja kutoka Onomichi hadi Imabari.

Nikupe habari za watu sasa, maana najua ndizo unazozitaka.

Yule mzee wa benki ana miaka 74. Kila siku yake ya kuzaliwa huendesha kilomita sawa na umri wake. Nilimwambia desturi hii ina hila, kila mwaka deni linaongezeka na miguu inapungua. Akanijibu kwamba deni la namna hiyo benki yake isingelikubali. Ana daftari, si simu, anaandika kwa penseli: kilomita, upepo ulikotoka, alichokula, na ndege aliowaona. Mwaka huu alimaliza 74 zake kabla ya saa nane mchana, akanunua keki, akaila peke yake kwenye benchi, akaandika “keki”.

Mwalimu wa chekechea yeye alikuwa akitafuta mia yake ya kwanza. Huku kilomita 100 kwa siku moja ni kama kutahiriwa, hujahesabiwa mpaka uvuke. Siku hiyo alifika mlangoni kwake kipima mwendo kikisoma 97. Mumewe alikuwa ameshafungua mlango na taulo mkononi. Mwalimu akageuza usukani, akaenda kuzunguka eneo la kuegesha magari la supamaketi jirani, raundi baada ya raundi, mlinzi akimtazama, hadi namba tatu zikatokea. Ukimuuliza leo kuhusu siku ile hatakusimulia ziwa wala mlima, atakusimulia yule mlinzi.

Muuza tofu ndiye mwenye tamaa kubwa. Kila Juni kuna mashindano ya kupanda Mlima Fuji kwa barabara ya Subaru Line, kilomita 24 za mlima mtupu hadi kituo cha tano, mita 2,300 hivi juu ya bahari. Maelfu wanajitokeza, na walio wengi hawashindani na mtu, wanashindana na saa. Ukimaliza chini ya dakika 90 unapewa kipete cha rangi ya shaba, chini ya 75 fedha, chini ya 65 dhahabu, na wachache mno wanaoshuka chini ya 60 wana cha platinamu. Kipete chenyewe ukikiona utacheka, ni kiduara cha chuma cha kuvalisha kwenye shingo ya usukani. Mwaka jana alitumia dakika 92. Mbili tu! Mwaka mzima akawa anaamka saa tisa usiku kusaga soya, na akimaliza kazi anapanda Mlima Tsukuba kabla duka halijafunguliwa. Akapunguza chumvi, akapunguza bia, akanunua matairi mapesi, mkewe akapiga hesabu ya matairi na kununa. Juni hii akapata 88. Kipete hakukifunga kwenye baiskeli. Kiko dukani juu ya mashine ya kuhesabia pesa, na ukinunua tofu ya yeni mia mbili unalazimika kukisifu kwanza.

Mimi nami nisijifiche nyuma ya wenzangu. Nilijitosa kwenye mwendo wa kilomita 200, ule wenye kanuni zilizotoka Ufaransa: si mashindano, hakuna mshindi, ila una saa 13 na nusu tu. Nilipenda namna ya kuthibitisha kwamba umefika. Hakuna karani wa kukusubiri kila kituo. Unaingia kwenye konbini, yale maduka madogo ya saa 24, unanunua chochote, na risiti ndiyo ushahidi wako, kwa kuwa ina saa na jina la duka. Tulifuata mto Tone hadi Choshi, kwenye mnara wa taa wa Inubosaki uliojengwa 1874, Bahari ya Pasifiki ikipiga mwamba chini yake. Nikasimama nikaangalia maji kitambo. Mtu wa Tanga akiona bahari lazima aisalimie.

Wakati wa kurudi mvua ikatukamata, ile nyembamba ya huku isiyo na haraka. Kwenye kituo cha mwisho vidole vilikuwa haviwezi kufungua pochi, msichana wa dukani akanifungulia, akahesabu sarafu mbele yangu moja moja, akanipa risiti kwa mikono miwili. Nikala tonge la wali lenye samaki ndani, limefunikwa mwani. Ndiyo, wajina, mwani, huku unaliwa mkavu, unalia kama karatasi. Nikanywa kahawa ya moto ya kopo kutoka kwenye mashine iliyoko nje. Wenzangu wawili walikuwa wamechuchumaa chini ya paa, kila mmoja anakausha risiti yake kwa pumzi. Tulifika ndani ya muda. Risiti zile nilikabidhi, lakini nilizipiga picha kwanza.

Usidhani kila kitu ni raha. Barabara za mashambani ni nyembamba na malori yanakupita kiwiko kwa kiwiko. Tunapita kushoto kama nyumbani, hilo lilinipunguzia kazi. Sheria nazo zinakazwa. Tangu Aprili 2023 kila mpanda baiskeli anahimizwa avae kofia ngumu, ingawa asiyevaa hatozwi, na akina mama wa mamachari wengi bado hawavai. Na mwezi huu huu, tarehe 1 Novemba 2024, adhabu ya kushika simu huku unaendesha ilipanda ikawa kifungo hadi miezi 6 au faini hadi yeni 100,000. Fikiria hiyo ikiletwa kwenu Ngamiani, Tanga, ungebaki na wateja wangapi?

Kuna jambo moja utalipenda kama fundi. Baiskeli huruhusiwa kwenye treni bila kulipa nauli yake, mradi uivunje na kuitia yote ndani ya mfuko, kisitokeze kitu. Jumapili asubuhi nje ya stesheni utawakuta watu wamepiga magoti, tairi ya mbele imetoka, ya nyuma imetoka, mnyororo umefunikwa, mikanda inafungwa, na dakika kumi baadaye kila mmoja ana furushi begani. Hapa Tsuchiura wametuhurumia zaidi, unaingia na baiskeli yako ndani ya jengo la stesheni, kuna mahali pa kuoga chini, na hoteli iliyo juu inakuruhusu ulale nayo chumbani. Wewe uliyekuwa ukifukuzwa na mama kwa kuingiza gurudumu ukumbini ungehamia.

Mwezi wa tatu nina mkutano wa kazi Osaka, nami nimepanga kupitia Sakai, mji wa jirani. Ndiko Shimano, kampuni ya vipuri vya baiskeli, ilikoanzia mwaka 1921, kwa kutengeneza friwili, yale meno ya gurudumu la nyuma yanayoshika mnyororo. Mji ule tangu zamani ni wa wahunzi, walifua visu na bunduki kabla ya kufua vipuri, na wana jumba la makumbusho la baiskeli. Nitakupigia picha za friwili za zamani, karibu karibu, meno yaonekane. Kama kuna kipuri unachokitaka niulizie, niandikie kipimo chake kwa milimita, usiniambie “kama ile ya kwako ya zamani”. Spoki nitabeba, mnyororo nitabeba. Tandiko la ngozi usiniagize, bei yake inakaribia kodi yangu ya nyumba.

Msalimie mama na wote wa Barabara ya Nane. Yule kijana wako wa pancha mwambie ajifunze kunyoosha rimu vizuri, nikija nitamletea ufunguo wa spoki wa huku.

Wajina wako