Kwa Zawadi, aliyeko Belfast

Zawadi mwanangu,

Huku Kigoma hatujambo, na mguu wa baba yako umepata nafuu. Bando liliniishia kabla sijakujibu kuhusu ule uwanja wa huko Belfast uitwao Casement Park, uliofungwa tangu 2013, kwamba huyo Casement mwenye jina ni nani. Anatuhusu, hasa sisi ambao babu yetu alivuka ziwa kutoka Kongo.

Roger Casement alizaliwa karibu na Dublin mwaka 1864, akakulia Antrim, upande huohuo uliko. Alifika Kongo 1884, kijana wa miaka ishirini, akifanya kazi chini ya watu wa mfalme Leopold wa Ubelgiji na kuamini kwamba kweli wanaleta ustaarabu. Baadaye akawa konseli wa Uingereza. Mwaka 1903 alipanda mto akiwahoji wanakijiji wenyewe. Vijiji alivyovijua vikiwa na watu tele alivikuta karibu vitupu. Wanaume walilazimishwa kugema mpira porini. Kiasi kisipotimia, wake zao walishikwa mateka, na askari walikata watu mikono. Ripoti yake ilitoka 1904, kelele zikawa nyingi, na 1908 Leopold akapokonywa Kongo, ikawa koloni la Ubelgiji. Uhuru haukuwa huo, lakini mtu mmoja mwenye daftari alimtikisa mfalme.

Sasa sikiliza sehemu ninayoipenda. Casement alimwandikia rafiki yake kwamba katika misitu ile alikomkuta Leopold, ndiko alikojikuta yeye mwenyewe kuwa Mwairishi. Aliporudisha macho kwao Ayalandi, iliyokuwa chini ya Uingereza, aliona nini? Ardhi ya Ulster, jimbo la kaskazini, waliyonyang'anywa wenyeji kuanzia 1609, wakapewa walowezi kutoka Uingereza na Uskoti. Aliona njaa iliyoanza 1845, viazi vilipooza shambani. Watu wapata milioni moja walikufa, na huku meli zilipakia nafaka na ng'ombe kupeleka Uingereza, maana mazao hayo yalikuwa ya kulipia kodi ya mwenye shamba. Mkulima alibakiwa na kiazi, nacho kimeoza. Ugonjwa wa viazi ulipiga nchi nyingi za Ulaya mwaka ule. Kufa kwa wingi namna ile ni habari ya nani alimiliki ardhi.

Uingereza ilimpa cheo cha heshima, akaitwa Sir, mwaka 1911. Mwaka 1916 ikamnyonga. Alikwenda Ujerumani wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia kutafuta silaha za kuikomboa Ayalandi, akarudi kwa nyambizi, akakamatwa pwani ya Kerry siku chache kabla ya maasi ya Pasaka, Waairishi walipoinuka dhidi ya Uingereza. Walimhukumu kwa sheria ya uhaini ya mwaka 1351! Na watu walipoanza kumwombea msamaha, wakubwa wakapitisha chinichini shajara zake za siri, zinazoeleza mapenzi yake na wanaume, ili waombezi wanyamaze. Mimi hilo naliona ni uchafu wa waliozisambaza.

Alikuwa ameomba azikwe Murlough Bay, Antrim. Walimfukia ndani ya gereza la Pentonville, London. Walipokubali kumrudisha, 1965, nchi ilikuwa imeshagawanywa, kaunti sita za kaskazini zikibaki kwa Uingereza, na sharti likawa asizikwe huko. Akalazwa Glasnevin, Dublin.

Kaburi usiliendee kwanza. Tangu mkataba wa amani wa Ijumaa Kuu wa 1998 mpaka kati ya kaskazini na kusini hauna kizuizi na basi la Dublin linapita tu, ila viza yako ni ya Uingereza. Dublin inataka viza ya Ayalandi, nawe ni Mtanzania. Usije ukaharibu masomo. Murlough ni upande wako, nenda ukapige picha unitumie. Vaa koti zito. Na mwenye nyumba wako usimtajie Casement mpaka ujue anapigia kura chama gani. Wapo huko wanaomwita msaliti hadi leo.

Baba yako anakusalimu sana.

Mama yako